Shujaa wa Kamera ya Nani? Maisha ya Waruhiu Itote, Jenerali China

Utangulizi

Wahenga walituusia kwamba tukiona vyaelea, tujue vimeundwa. Walikuwa wakisema juu ya vyombo vya baharini, lakini usia wao unazifaa pia filamu za vita. Mtazamaji aketiye mbele ya kiwambo humwona askari akivuka mto chini ya mvua ya risasi, bendera ikipepea na tarumbeta zikilia, naye hutoka ukumbini akiamini kwamba ameuona ushujaa wenyewe. Ni nadra ajiulize ni nani aliyegharimia mkanda ule, ni nani aliyeamua kamera isimame ukingo upi wa mto, na ni nani aliyeachwa nje ya picha.

Makala haya yanayaelekeza maswali hayo katika maisha ya mtu mmoja, Waruhiu Itote, aliyejulikana zaidi kwa jina la Jenerali China. Itote hakuzaliwa Meru wala Embu. Alizaliwa mwaka 1922 huko Kaheti, Mukurweini, katika wilaya ya Nyeri. Hata hivyo, alikuwa kamanda wa wapiganaji wa Mau Mau katika msitu wa Mlima Kenya, na mlima huo hauna mwenyewe mmoja. Waembu na Wakikuyu huuita Kirinyaga, Wameru huuita Kirimara, na msitu wake uliwapokea vijana kutoka pande zote hizo. Kwa hiyo, anayesoma maisha ya China husoma pia habari za wana wa Embu na Meru waliopigana katika miteremko ya mashariki, ambao majina yao hayakufika kwenye sinema yoyote.

Hoja yetu ni nyepesi kuitamka, ingawa athari yake ni nzito. Mtu yule yule, mwenye ujuzi ule ule wa bunduki na msitu, aliitwa askari mwaminifu, kisha gaidi, kisha mzalendo. Mikono yake haikubadilika. Waliobadilika ni wenye kamera.

Askari wa Mfalme

Kama vijana wengi wa kizazi chake, Itote aliondoka kijijini na elimu ndogo akaenda Nairobi kutafuta riziki. Mwaka 1942 alijiunga na jeshi la King's African Rifles, lililojulikana kwa wenyeji kama Keya. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimepamba moto, na Uingereza ilihitaji watu kutoka makoloni yake. Ilihitaji pia kuwashawishi watu hao kwamba vita vile ni vyao.

Kazi hiyo ya ushawishi ilikuwa na idara zake. Mwaka 1939 Waingereza walianzisha Colonial Film Unit, kitengo cha kutengeneza filamu za kuwaonyesha watu wa makoloni, kikiongozwa na William Sellers. Sellers aliamini kwamba Mwafrika hakuweza kufuata filamu za kawaida. Kwa maoni yake, picha ziende polepole, kila tukio likae muda mrefu kiwamboni, na hadithi isiruke kutoka mahali hadi mahali. Magari ya sinema yalizunguka vijijini yakionyesha nguvu ya Dola na wajibu wa raia wake. Dharau iliyokuwamo katika nadharia hiyo inaonekana wazi. Mtu aliyehesabiwa kuwa hawezi kuielewa picha ya dakika kumi ndiye aliyetegemewa kuielewa ramani ya vita na kufa kwa ajili yake.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba propaganda hii ilisema kwa lugha yetu. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri katika Keya, na magazeti ya askari kama vile Askari na Heshima yalichapishwa kwa Kiswahili. Jina Heshima lenyewe lilikuwa ahadi. Askari aliyelisoma akiwa maelfu ya maili kutoka nyumbani aliambiwa kwamba utumishi wake ungempa hadhi mbele ya watu. Neno hilo, ambalo katika utamaduni wetu hupatikana kwa mwenendo na umri, lilikuwa sasa limeambatanishwa na sare.

Itote alipelekwa na Kikosi cha 36 cha Keya hadi Sri Lanka, ikiitwa Ceylon wakati huo, na kisha Burma. Kikosi hicho kilikuwa sehemu ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyobeba nembo ya kichwa cha kifaru. Mwaka 1944, katikati ya mvua za masika ya Asia, divisheni hiyo iliteremka bonde la Kabaw, mahali palipoogopwa kwa malaria kuliko hata kwa Wajapani, na kufika Kalewa mwezi Desemba. Huko Itote alijifunza kuvizia, kuishi msituni kwa chakula kidogo, kuficha nyayo na kusafirisha habari. Maafisa waliomwongoza walikuwa Wazungu.

Katika kumbukumbu zake, Itote anasimulia mazungumzo mawili yaliyomwondolea utando machoni. La kwanza lilikuwa na askari Mwingereza huko Kalewa, aliyetaka kujua Mwafrika alikuwa akipigania nini hasa, maana Mwingereza mwenyewe alikuwa na Uingereza yake ya kuilinda. Itote hakuwa na jibu lililomridhisha. La pili lilikuwa na askari Mweusi wa Marekani aliyekutana naye Calcutta. Huyu alimtahadharisha kwamba Wazungu wangerudi kwao na kupokewa kama mashujaa, ilhali Waafrika wangesifiwa kitambo kidogo na kusahauliwa, wasipodai chao wenyewe. Kwa maneno mengine, kabla hata risasi hazijanyamaza, Itote alikwisha kuelezwa jinsi filamu ile ingemalizika.

Kutoka Relini hadi Msituni

Utabiri huo ulitimia. Baada ya vita, Itote alirudi Kenya ambamo ardhi, leseni, kipande na mshahara vilikuwa bado vinapimwa kwa rangi ya ngozi. Alifanya kazi kwenye reli akichochea moto wa gari-moshi, akajiunga na chama cha Kenya African Union, kisha akala kiapo cha umoja. Mwaka 1952 aliingia msituni. Tarehe 20 Oktoba mwaka huo, serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari.

Yale aliyoyafanya Itote mlimani yanastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa ndiyo hayakuonyeshwa. Aliwagawa wapiganaji katika vikosi, akawapa vyeo, akawafundisha kulinda zamu, kuvizia na kurudi nyuma kwa utaratibu. Walikuwako mafundi wa kuunda bunduki kwa mabomba ya maji na vipande vya chuma. Walikuwako wanawake na watoto waliopeleka chakula na habari hadi ukingoni mwa msitu. Mafunzo yote ambayo Dola ilimpa ili aitetee huko Burma, aliyageuza akaitumia Dola yenyewe. Ndege za kivita zilipoanza kuudondoshea mlima mabomu mwaka 1953, zilikuwa zikimtafuta mwanafunzi wa jeshi lile lile.

Upande wa mashariki, Embu ilikuwa na Jenerali Kubukubu, ambaye jina lake limebaki katika barabara na maktaba ya mji huo. Meru ilikuwa na Musa Mwariama na Baimungi. Serikali ilijitahidi kuwashawishi Waembu na Wameru kwamba Mau Mau ilikuwa ugonjwa wa Wakikuyu peke yao. Katika Meru ilijaribu pia kulitumia baraza la wazee la Njuri Ncheke ili kiapo kilaaniwe kwa sauti ya mila. Lakini sheria zake zenyewe ziliikana propaganda hiyo. Katika nyaraka za Hali ya Hatari, Wakikuyu, Waembu na Wameru waliandikwa kwa pamoja kama kundi moja la kushukiwa. Katika msako wa Anvil uliofanywa Nairobi kuanzia tarehe 24 Aprili 1954, watu wa makabila hayo matatu walitengwa na wengine, na maelfu yao wakapelekwa kizuizini.

Gaidi wa Kiwamboni

Wakati mambo hayo yakitendeka, watengenezaji wa filamu wa Uingereza na Marekani walikwisha kuigeukia Kenya. Mwaka 1955 ilitoka Simba, iliyoongozwa na Brian Desmond Hurst. Mwaka 1956 ikafuata Safari ya Terence Young, na mwaka 1957 Something of Value ya Richard Brooks, iliyotokana na riwaya ya Robert Ruark. Filamu hizi hazikuagizwa na Gavana. Zilikuwa biashara za studio. Jambo hilo ndilo linalozifanya zistahili kuchunguzwa, kwa kuwa propaganda ikomaapo haihitaji tena kulipiwa na serikali. Huwa imekwisha kuwa ladha ya mtazamaji.

Katika Simba, Mwafrika mwema ni daktari anayeipinga Mau Mau, naye hufa akijaribu kuutuliza umati. Baba yake mzazi, aliyeaminiwa na serikali, hugunduliwa kuwa ndiye kiongozi wa siri wa wauaji. Katika Safari, mwindaji Mzungu anamsaka Jeroge, Mau Mau aliyemuua mwanawe. Mwigizaji wa daktari mwema na wa Jeroge ni mtu mmoja, Earl Cameron kutoka Bermuda. Uso mmoja ulitumika kwa malaika na kwa ibilisi, na sinema haikuwa na nafasi ya tatu ya kumpa: Mwafrika mwenye sababu. Something of Value ilijitahidi zaidi. Kimani, aliyeigizwa na Sidney Poitier, anaonewa mbele ya macho yetu kabla hajaingia msituni. Hata hivyo, naye hufa, na tumaini la kesho hubaki mikononi mwa rafiki yake Mzungu anayemchukua mtoto wake.

Mbinu inayozifungamanisha filamu hizi ni ya mwanzo wa hadithi. Hadithi huanza pale panga linapoinuliwa. Haianzi mwaka ambao shamba lilichukuliwa. Mtazamaji hupewa tendo bila chanzo, na tendo lisilo na chanzo huonekana wazimu. Aidha, macho ya kamera hukaa ndani ya nyumba ya mlowezi, yakiuchungulia usiku. Takwimu zinasema vingine. Raia Wazungu waliouawa katika Hali ya Hatari walikuwa 32. Wapiganaji na washukiwa wa Mau Mau waliouawa, hata kwa hesabu rasmi ya serikali, walizidi 11,000, na zaidi ya watu 1,000 walinyongwa. Kadhalika, raia Waafrika wapatao 1,800 waliuawa na Mau Mau. Hao nao walikuwa na majina na watoto, lakini walitumika tu kama ushahidi wa ukatili wa adui, kisha wakasahauliwa.

Meru na Embu hazimo kabisa katika filamu hizo. Hazimo zile kambi za Mwea, iliyokuwa wakati huo katika wilaya ya Embu, ambako kuanzia mwaka 1957 mahabusu walipigwa kwa utaratibu uliopangwa ili wakiri viapo vyao. Havimo vijiji vya lazima, vilivyozungukwa kwa handaki na miti iliyochongwa ncha, ambamo zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa katika nchi ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Kamera za habari zilipoonyeshwa vijiji hivyo, vilielezwa kuwa ni maendeleo.

Mateka na Barua

Tarehe 15 Januari 1954, Itote alipigwa risasi ya shingo na kukamatwa karibu na Karatina. Alihojiwa kwa saa 68 na Ian Henderson, afisa wa polisi aliyelelewa Kenya na aliyekisema Kikikuyu kwa ufasaha. Baadaye alishtakiwa Nyeri na kuhukumiwa kunyongwa. Hapo ndipo maisha yake yanapoingia katika sehemu ambayo mashabiki wa ushujaa hupenda kuiruka.

Itote alikubali kuwaandikia makamanda wenzake barua za kuwaita kwenye mazungumzo. Mwezi Machi adhabu yake ilipunguzwa kuwa kifungo cha maisha, jambo lililowaghadhabisha walowezi. Tarehe 30 mwezi huo wajumbe kutoka msituni walikutana na wawakilishi wa serikali. Kwa muda mfupi ilielekea kwamba mamia ya wapiganaji wa Mlima Kenya wangejisalimisha. Lakini tarehe 7 Aprili jeshi lilipambana na wapiganaji huko Gathuini, watu wapatao 25 wakauawa. Waliokuwa wamekusanyika jirani wakingoja matokeo ya mazungumzo waliisikia milio ya bunduki, wakaamini wamesalitiwa, wakarudi msituni.

Je, China alikuwa msaliti? Wapo wanaosema hivyo hadi leo. Wapo pia wanaosema alikuwa akiokoa watu wake baada ya kuona uzito wa jeshi lililowakabili, na kwamba mtu aliyeviona vita vya Burma alijua hesabu ya vifo kuliko wengine. Msomaji asilazimishwe kuchagua upesi. Haja ya kuwa na jibu moja ni haja ya filamu, kwa sababu filamu ya vita ina saa mbili tu na lazima imalize na shujaa au mwoga. Mtu aliye hai, mwenye jeraha shingoni na kitanzi mbele yake, hakai katika kimojawapo cha visanduku hivyo. Serikali yenyewe ilimtumia pande zote mbili. Alipokamatwa alikuwa ushahidi wa ushindi wake, na alipoandika barua akawa ushahidi wa huruma yake. Henderson kwa upande wake alipewa nishani, akaja kuandika kitabu juu ya msako wa Dedan Kimathi ambamo shujaa ni mwindaji.

Itote alipelekwa gereza la Lokitaung, katika jangwa la Turkana, alikokuwa amefungwa Jomo Kenyatta na wenzake wa kesi ya Kapenguria. Humo gerezani Kenyatta alimfundisha Kiingereza. Mafunzo hayo yalikuja kuwa silaha yake ya mwisho.

Shujaa wa Taifa Huru

Itote aliachiliwa mwaka 1962. Desemba 1963 bendera ilipobadilika, wapiganaji walianza kutoka msituni. Picha za Musa Mwariama wa Meru, nywele zikiwa zimesokotana, akiwa pamoja na Kenyatta zilienea, na bado huonyeshwa kila tunapoadhimisha uhuru. Huo ulikuwa ushujaa uliopata kamera yake. Lakini kamera haikukaa. Baimungi, naye wa Meru, hakuridhika na mgawo wa ardhi wala kuweka silaha chini, na mwaka 1965 aliuawa na majeshi ya serikali ya Kenya huru. Picha ya Mwariama imeingia katika vitabu vya shule. Baimungi hajawahi kupewa nafasi ya namna hiyo. Sera ya taifa changa ilikuwa kusamehe na kusahau, na anayeng'ang'ania kukumbuka alionekana mkorofi.

Itote alichukua njia nyingine. Aliingia katika utumishi wa serikali, na tangu mwaka 1964 alifanya kazi katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, akiwafunza vijana nidhamu ile ile aliyoipitia Burma na Kirinyaga. Alitunzwa na serikali iliyoendelea kuiweka Mau Mau katika orodha ya vyama vilivyopigwa marufuku. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2003, miaka kumi baada ya kifo chake kilichotokea 1993. Hivyo Jenerali China alikufa akiwa ofisa mstaafu wa serikali na, kisheria, mwanachama wa zamani wa kundi haramu.

Lakini hakukaa kimya. Mwaka 1967 East African Publishing House ilichapisha kumbukumbu zake kwa Kiingereza, zikiwa na anwani ya Jenerali wa Mau Mau. Katika anwani hiyo jina Mau Mau limefungiwa ndani ya alama za mtajo, kana kwamba mwandishi anatuambia kuwa jina hilo si lake, kaazimwa tu. Mwaka 1979 alitoa kitabu cha pili. Miaka miwili baada ya kile cha kwanza, P. M. Kareithi alikuwa amechapisha riwaya ya Kaburi bila Msalaba, na fasihi ya Kiswahili ikaanza kuitazama vita ile kutoka ndani ya msitu na kijiji. Bila shaka tawasifu ya Itote nayo ina mipaka. Iliandikwa na mtumishi wa serikali, chini ya rais aliyekuwa mwalimu wake gerezani, na penye barua za mwaka 1954 mwandishi anajitetea. Tuisome kwa jicho lile lile tunalotumia kwa filamu. Tofauti ni kwamba, kwa mara ya kwanza, aliyeshika kamera ni yule aliyekuwa akipigwa picha.

Hitimisho

Maisha ya Waruhiu Itote yanatufunza kwamba propaganda si lazima iwe uongo. Burma ilikuwa vita vya kweli, mauaji ya msituni yalikuwa ya kweli, na furaha ya Desemba 1963 ilikuwa ya kweli. Propaganda hufanya kazi yake kwa kuchagua: wapi hadithi ianze, nani aonekane usoni, na nani abaki kivuli. Ndiyo maana mabishano ya kutaka kujua kama China alikuwa shujaa au la hayatafika mbali iwapo hatuulizi kwanza shujaa huyo ni wa hadithi ya nani.

Ukweli nao una subira. Mwaka 2011 ilibainika kwamba maelfu ya majalada ya kikoloni yalikuwa yamefichwa Uingereza, na mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wahasiriwa 5,228 wa mateso ya Hali ya Hatari pauni milioni 19.9. Yale ambayo filamu za habari ziliyaita maendeleo yalithibitishwa na makaratasi ya serikali yenyewe kuwa mateso. Lakini majalada hayo ni ya maofisa, na maofisa hawakuandika yaliyosemwa jikoni na kwenye kingo za msitu.

Kazi hiyo ni yetu. Wazee waliochimba handaki Embu na waliopeleka chakula msituni Meru wanapungua kila mwaka, na wengi wao hawakuwahi kufuatwa na kamera wala kinasa sauti. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayetafuta mada ya utafiti hana haja ya kwenda mbali. Aende nyumbani kwao, aketi, aulize, na aandike kwa Kiswahili kile atakachoambiwa, pamoja na yale yasiyompendeza shujaa yeyote. Asipofanya hivyo, hadithi ya mlima huu itaendelea kusimuliwa na waliokuwa na fedha za kununua mkanda.